Ritani Ina Risiti, Barua Je?

Mtu akiwasilisha ritani ya ushuru kwenye iTax, mfumo humjibu papo hapo. Anapata risiti yenye nambari na tarehe, anaichapisha, anaitia kwenye faili, na mwaka wa tatu au wa nne anaweza kuitoa mbele ya yeyote atakayedai kwamba ritani haikuletwa. Hata asiye na mapato, aliyejaza sufuri tupu usiku wa tarehe 30 Juni, anaondoka na risiti yake.

Wakala wake wa ushuru akimwandikia afisa kuhusu ritani hiyo hiyo, mambo hubadilika. Barua pepe imekwenda. Imefika? Imesomwa? Imeingizwa kwenye faili la mteja, au imelala kwenye kisanduku cha afisa ambaye wiki ijayo anahamishiwa kituo kingine? Wakala hana cha kushika isipokuwa nakala iliyobaki kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Kenya imefanya kazi kubwa ya kuhamishia ushuru mtandaoni. Tangu 2015 ritani zinapitia iTax. Tangu Januari 2024, kwa jumla, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi wakati wa kukokotoa ushuru wa mapato. Malipo ya serikali yameelekezwa kwenye nambari moja ya paybill, 222222. Tarakimu zinasafiri, ankara zinasafiri, pesa zinasafiri, na kila kimoja kinaacha alama. Maelezo, maswali na malalamiko ya watu wanaoifanya kazi hii kila siku bado yanakwenda kwa barua pepe ya kawaida, kwa simu isiyopokelewa, au kwa mguu hadi kaunta.

Nasema mapema ninakosimama. Ujumbe wa wakala ukifika kwa Mamlaka ya Mapato, yaani KRA, uifunge KRA kama vile barua ya KRA inavyomfunga mteja wake. Mengine, programu za simu na roboti za kujibu maswali, yanaweza kuja baadaye au yasije kabisa.

Sauti nne zifuatazo nimezitunga kutokana na hoja zinazozunguka katika kazi hii, na kila moja nimeiachia nguvu zake zote, hata pale nisipokubaliana nayo. Wakala ni mama mwenye ofisi ya ushuru na hesabu Mombasa. Mstaafu alitumikia idara ya ushuru hadi umri wa kustaafu. Kijana huandika programu za hesabu za maduka. Mwenye Duka anauza mabati, saruji na misumari. Nami nitaingilia pale nitakapoona lazima.

WAKALA: Nianze na tarehe, maana kazi yetu ni tarehe. PAYE tarehe 9, VAT tarehe 20, ritani ya mwaka ya mtu binafsi 30 Juni. Hizo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anazijua. Zinazotuumiza ni zile zisizoandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Tuseme mteja wangu amepewa makadirio ya ushuru tarehe 3 Machi. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015, kifungu cha 51, inampa siku 30 za kuweka pingamizi, kwa hiyo mwisho wake ni 2 Aprili. Mimi naliweka tarehe 1 Aprili kwenye iTax, napata risiti, nashukuru Mungu. Hapo Kamishna ana siku 60 za kuamua, na asipoamua pingamizi linahesabiwa limekubaliwa. Kwa hesabu yangu siku hizo zinaisha 31 Mei.

MSTAAFU: Hadi hapo hatugombani.

WAKALA: Tunagombana kwenye nyaraka, mzee wangu. Taarifa za benki za miaka mitatu, ankara, mikataba, hati za forodha. Hizo nazituma kwa barua pepe, vipande vipande, kwa sababu mafaili ni mazito na yakizidi yanarudishwa. Uamuzi unatoka 10 Juni. Mimi nasema umechelewa siku kumi. Ofisi inasema iliandika tarehe 12 Aprili kwamba pingamizi halijakamilika, kwamba nyaraka za mwisho zilifika tarehe 20, na kwamba siku 60 zinahesabiwa kuanzia hapo hadi 19 Juni. Barua ya tarehe 12 mimi sikuiona. Ilikwenda kwa anwani ya zamani ya mteja. Sasa milioni nane za mtu zinategemea nani ana nakala nzuri zaidi ya barua pepe.

MSTAAFU: Binti yangu, na mimi nikwambie nililoliona nikiwa upande wa pili wa meza. Wako mawakala wanaotuma nusu ya nyaraka saa tano usiku, siku ya mwisho, kwa anwani ya afisa wanayejua yuko likizoni. Wanatuma makusudi. Halafu wanakaa kimya wanahesabu. Siku ya 61 wanaibuka na kusema pingamizi limekubaliwa kwa nguvu ya sheria. Ushuru halali unapotea na hoja yenyewe haijasikilizwa hata kidogo. Huo ni ushuru wa hospitali na barabara. Kwa hiyo mnapodai kila ujumbe uifunge ofisi, jueni mnadai silaha, na silaha haichagui mkono.

Mstaafu amesema kweli, na aliyosema yanaitia nguvu hoja ya Wakala kuliko anavyodhani. Ujumbe wa saa tano usiku unaopita kwenye mfumo wenye faili la kesi haumtegemei afisa aliye likizoni. Unaingia kwenye faili, msimamizi anauona asubuhi, mwingine anapangiwa. Mtego anaoueleza unawezekana kwa sababu mawasiliano yamefungwa kwenye anwani ya mtu mmoja. Jopo la Rufaa za Ushuru, lililoundwa chini ya sheria ya 2013, limelazimika katika mashauri mengi kuamua kwanza nani alituma nini, siku gani, kwa anwani gani, kabla ya kuugusa ushuru wenyewe. Wanasheria wa pande mbili wanalipwa kubishania barua pepe. Hiyo ni hasara kwa serikali na kwa mfanyabiashara vilevile.

Nitoke nje ya mjadala kidogo niwaonyeshe jambo ambalo watu wa mpakani wanalijua. Ukivuka Lunga Lunga ukaingia Horohoro, kimya kile kile cha ofisi kinageuka maana. Tanzania, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato ya huko, TRA, ana miezi sita ya kuamua pingamizi. Muda huo ukipita bila uamuzi, makadirio yanahesabiwa yamethibitishwa, na mlipakodi anabaki na haki ya kukata rufani kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Tena kabla pingamizi halijapokelewa anatakiwa awe amelipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi asichokibishia, kile kilicho kikubwa. Kwa hiyo wakala wa Mombasa analindwa na ukimya wa ofisi, na mshauri wa kodi wa Tanga, saa chache tu kwa gari, anaumizwa nao. Wote wawili wanahitaji kitu kile kile: tarehe isiyobishaniwa. Wa Mombasa aonyeshe siku 60 zimekwisha lini, wa Tanga aonyeshe miezi sita ilianza lini ili rufani yake isije ikaitwa ya kuchelewa.

KIJANA: Wazee wangu, kwa upande wa ufundi hili si gumu. Mama mboga akilipwa shilingi hamsini kwa M-Pesa, kabla hajamfungia mteja sukuma wiki ameshapata ujumbe wenye msimbo, kiasi, tarehe, saa na salio. Aliyetuma naye ana ujumbe wenye msimbo ule ule. Hawawezi kubishana kesho. Kwa nini barua ya milioni nane isiwe na heshima ya shilingi hamsini? Wekeni mlango mmoja wa programu, KRA iruhusu mifumo ya mawakala izungumze na mfumo wake moja kwa moja. Nyaraka zinapakiwa, msimbo unatoka, pande zote mbili zinao. Maswali mepesi yajibiwe na roboti, mchana na usiku, maafisa wabaki na magumu.

WAKALA: Msimbo naupokea kwa mikono miwili, mwanangu. Roboti kaa nayo. Roboti hunijibu swali ambalo jibu lake liko kwenye tovuti, na mimi tovuti nimeisoma. Swali langu lenyewe ni la leja. Mteja amelipa, benki imethibitisha, leja ya iTax haionyeshi malipo, inaonyesha deni na riba juu yake. Anaomba cheti cha utiifu wa ushuru ili aingie kwenye zabuni ya kaunti, mfumo unamnyima kwa sababu ya deni hilo. Zabuni inafungwa Ijumaa saa nne. Roboti itaniambia nini? Itaniambia cheti hunyimwa mtu mwenye deni. Hilo nalijua. Ninachotaka ni mtu mwenye mamlaka ya kusogeza malipo kutoka pale yalipokwama hadi pale yanapotakiwa, na anijibu kabla ya Ijumaa.

KIJANA: Basi kila ombi lipewe daraja la haraka.

WAKALA: Kila mtu ataandika lake ni la haraka. Afadhali waniulize tarehe ya zabuni na niambatishe tangazo lake. Anayedanganya aonekane amedanganya.

Napenda jibu hilo kwa sababu linatoka kwa mtu anayejua kazi inavyochezewa. Na ningependa kumwonya Kijana kuhusu jambo moja ambalo Wamarekani wamelipitia. Idara yao ya ushuru, IRS, kwa miaka mingi ilipokea fomu ya 2848, ile ya kumpa mtaalamu idhini ya kumwakilisha mlipa ushuru, kwa posta au faksi. Faksi ziliishia kwenye vitengo vitatu, Memphis, Ogden na Philadelphia, ambako wafanyakazi waliingiza kila fomu kwa mkono. Ulipokuja ugonjwa wa korona, ofisi zikafungwa na mlundikano ukawa mkubwa. Januari 2021 wakafungua ukurasa wa kupakia fomu hiyo mtandaoni, na wataalamu wakashangilia. Kumbe fomu iliyopakiwa ilijipanga kwenye foleni ile ile ya faksi, ikisubiri mikono ile ile. Nafuu ya kweli ilianza Julai mwaka huo, walipofungua akaunti ya wataalamu ambamo mtaalamu anaomba idhini, mteja anaikubali kwenye akaunti yake mwenyewe, na rekodi inaingia bila mtu wa kati. Ukurasa wa kupakia peke yake ulikuwa umebadilisha mlango tu, huku chumba cha ndani kikibaki vilevile. Kwa hiyo mfumo wa KRA ukipewa mlango mzuri na nyuma yake hakuna faili la kesi wala mtu aliyepangiwa, Kijana atakuwa ameandika programu yake bure.

MWENYE DUKA: Mimi nimewasikiliza kwa muda. Nyote mnazungumza habari zangu, na hakuna aliyeniuliza. PIN yangu nilifunguliwa saiba. Kijana wa saiba akaniuliza, mzee, una barua pepe? Nikamwambia sina. Akaniwekea yake. Saiba ile sasa ni duka la miwani, na kijana alikwenda Qatar kutafuta riziki. Ina maana barua zangu za ushuru zinakwenda Doha. Halafu nikapata mhasibu, nikampa nywila kwa sababu ndivyo alivyoniomba. Tulipoachana alikwenda nayo. Sasa huyu dada ni wa tatu. Ni mwaminifu, namshukuru, lakini na yeye nilimpa nywila. Mkijengewa huo mlango wenu mzungumze na maafisa usiku na mchana, mimi nitajuaje mmesema nini kwa jina langu?

WAKALA: Ndugu yangu, una haki. iTax ina njia ya mteja kumteua wakala, kisha wakala anaingia kwa PIN yake mwenyewe na kuona mambo ya mteja. Wengi hawaitumii. Kuomba nywila ni haraka zaidi, hasa tarehe 19 jioni, VAT ya watu kumi ikiwa haijaenda.

MSTAAFU: Na nywila ikishatolewa, mfumo haujui tena nani amefanya nini. Ritani imejazwa na mwenye duka, au mhasibu wa zamani, au mjomba wake? Kwa kompyuta wote ni mtu mmoja. Tulikuwa tunamwita mtu kumuuliza kuhusu marejesho ya VAT aliyodai, anaapa hajawahi kudai. Nami nilikuwa namwamini, na sikuwa na njia ya kumsaidia.

Hapa ndipo mjadala huu huwa unapotea njia, kwa sababu watu wa ufundi huanza kuzungumzia usalama kana kwamba ni suala la kufuli kubwa zaidi. Mwaka 2015 IRS iligundua kwamba wahalifu wameingia kwenye huduma yake ya kutoa nakala za kumbukumbu za ushuru, wakijibu maswali ya utambulisho kwa taarifa walizoziiba kwingine. Hesabu ya akaunti zilizoguswa ilipanda kila ilipochunguzwa upya, hadi ikapita 700,000. Afrika Kusini, ofisi ya Msuluhishi wa Kodi imelazimika kuchunguza akaunti za ushuru za mtandaoni, eFiling, zinazotekwa na matapeli, wanaobadilisha nambari ya benki ili marejesho ya mwenzao yaingie kwao. Kisha kuna hatari ya upande wa pili: IRS ilipotaka kuwapima watu sura kwa kamera kupitia kampuni binafsi, malalamiko yalikuwa mengi hadi Februari 2022 ikatangaza kuliacha sharti hilo. Kufuli lililo dogo linamwingiza mwizi. Lililo kubwa mno linamfungia nje mzee wa mabati na saruji, naye atarudi kumpa mtu nywila.

Dawa ninayoiona mimi iko kwenye idhini. Uingereza wakala ana akaunti yake, anamtumia mteja kiungo, mteja anakikubali, na kila anachokifanya wakala kinaandikwa kwa jina la wakala. Mteja anaweza kuifuta idhini hiyo siku wanapoachana. Kwa Mwenye Duka hili lina maana kubwa kuliko msimbo wowote, kwa sababu yule mhasibu wa zamani asingeondoka na funguo za nyumba yake.

MWENYE DUKA: Na niwe naona mnachoandikiana.

WAKALA: Kila neno?

MWENYE DUKA: Kila neno. Pesa ni zangu, jina ni langu, na mahakamani nitaitwa mimi.

WAKALA: Kuna wakati namwambia afisa mambo ambayo mteja akiyasoma nusu nusu atapata presha bure. Mazungumzo ya kupunguza adhabu yana namna yake.

MWENYE DUKA: Dada, nina presha tayari.

Wakala hakulijibu hilo, nami sioni angelijibuje. Siri za kitaalamu kati ya mshauri na ofisi ya serikali, zilizofichwa kwa yule anayelipa ushuru, sijaona hoja ya kuzitetea. Sheria inamlinda mlipa ushuru dhidi ya afisa kutoa habari zake ovyo. Haikusudiwi kumlinda wakala dhidi ya mteja wake.

MSTAAFU: Sasa tulifikie lile mnaloliogopa. Mnataka jina la afisa. Kila wakala anataka jina na namba ya simu ya afisa anayeshika faili. Unajua kwa nini wakubwa wetu walitukataza? Kwa sababu hongo huanza na mazoea. Leo unanipigia kuuliza faili, kesho unaniuliza watoto hawajambo, keshokutwa mtoto wangu ana harusi na wewe una mchango. Sisemi wewe, binti yangu. Nasema nilivyoona vijana wazuri wanapotea, wengine sikuwahi kuwaona tena kazini. Faida kubwa ya mtandao ni kwamba unavunja mazoea. Mlipa ushuru hamjui afisa, afisa hamjui mlipa ushuru, tarakimu zinaamua. Mkirudisha majina mmerudisha kaunta ya zamani, safari hii iko mfukoni mwa kila mtu.

WAKALA: Mzee, na faili lisilo na mwenyewe je? Nimeandika mara nne, nimejibiwa na watu wanne, kila mmoja ananiomba nyaraka alizoziomba mwenzake. Mazoea hayapo, na kazi haiendi. Halafu yule anayetaka kumaliza haraka anafanya nini? Anatafuta mtu anayemjua mtu. Hongo ile ile uliyoikimbia inaingia kwa dirisha, kwa sababu mlangoni hakuna wa kukujibu.

KIJANA: Afisa awe na nambari ya kazi. Faili lionyeshe nambari, lionyeshe limehama lini kutoka kwa nani kwenda kwa nani. Mazungumzo yote yawe ndani ya faili. Hakuna simu ya mkononi.

MSTAAFU: Nambari inajulikana ni ya nani ndani ya wiki. Mombasa ni ndogo.

KIJANA: Basi afisa awe popote nchini. Faili la Mombasa lishikwe Eldoret.

MSTAAFU: Afisa wa Eldoret hajui kwamba ukumbi wa harusi hapa hujaa baada ya Ramadhani na kulala mwezi mzima kabla yake. Ataona mauzo yameanguka, aandike amefichwa ushuru.

Suala hili halina jibu safi. Mstaafu ana ushahidi wa maisha yake kazini na Wakala ana wake. Mimi naegemea upande wa nambari ya afisa inayoonekana na faili linaloonyesha kila lilipohama, kwa sababu hongo inayopita kwenye faili lenye historia inaacha alama, na ile ya kutafuta mtu anayemjua mtu haiachi. Ila nakubali kwamba mji mdogo ni mji mdogo.

Lipo moja nisilokubali kujadiliana. Njia ya zamani isifungwe kabla mpya haijasimama. Tarehe 19 Machi 2024, idara ya ushuru ya Uingereza, HMRC, ilitangaza kwamba laini yake ya simu ya wanaojikadiria ushuru wenyewe ingefungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Septemba, watu waelekezwe mtandaoni. Vyama vya wahasibu na washauri wa kodi vilipinga vikali, wabunge wakapaza sauti, na siku iliyofuata uamuzi ukasitishwa. Hiyo ni nchi ambayo biashara zake zenye mauzo yaliyovuka kiwango cha kusajiliwa VAT zilikuwa zimeanza kuweka rekodi za VAT kidijitali tangu Aprili 2019. Kama wao hawakuwa tayari kuiacha simu, sisi wa umeme wa kukatika na bando la kupima tusikimbilie kufunga kaunta.

MSTAAFU: Tuseme nimekubali risiti. Nimekubali faili la kesi. Bado sikubali kwamba risiti peke yake iwashe siku 60. Mtu atapakia karatasi tupu elfu nne aziite nyaraka.

WAKALA: Sheria tayari inampa Kamishna siku 14 za kuniambia pingamizi langu halijakamilika. Sigusi hapo. Ninachoomba ni kwamba barua hiyo ya siku 14 iwekwe ndani ya faili lile lile, ipewe msimbo, na taarifa yake inifikie mimi na mteja kwa pamoja. Isipowekwa humo, isihesabiwe imeandikwa.

MSTAAFU: Hata kama afisa ameituma kwa barua pepe?

WAKALA: Hata hivyo. Mimi nikituma ritani kwa barua pepe, wewe ungeihesabu?

MSTAAFU: Nisingeihesabu.

WAKALA: Basi.

MSTAAFU: Na karatasi elfu nne?

KIJANA: Orodha. Anayepakia ajaze orodha ya kila waraka, unahusu nini, mwezi gani. Afisa akifungua waraka wa kumi akakuta si ulioandikwa kwenye orodha, ana haki ya kuandika halijakamilika, na wakala hana la kusema.

MSTAAFU: Orodha hiyo nitaipenda. Tulikuwa tunapewa boksi zima, halafu tunaambiwa jibu limo humo ndani.

MWENYE DUKA: Na mimi?

WAKALA: Wewe utapata nakala, tumeshakubaliana.

MWENYE DUKA: Nakala kwa barua pepe siisomi. Nitumieni ujumbe mfupi kwenye simu, ile ya kawaida, isiyohitaji bando. Uniambie nimeandikiwa, nina siku ngapi, na wakala wangu amejibu au hajajibu. Na uwe kwa Kiswahili. Barua ya makadirio niliyoonyeshwa mara ya mwisho ilikuwa ya kurasa sita za Kiingereza cha wanasheria, nikaelewa jina langu na jumla iliyo chini.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jamhuri. Ujumbe wa mistari mitatu anaouomba Mwenye Duka haudai sheria mpya wala mfumo wa mabilioni, na KRA inaweza kuuanza kabla ya VAT ya mwezi ujao.